Mvua Haifiwi

Habari ya kifo cha Leonidasi ilinikuta nikigomba. Si jambo geni. Walionizoea husema mimi hata usingizini hugomba. Nilikuwa ofisini kwangu Kasulu, nimesimama mbele ya mpango kazi wa mradi tunaoujenga sasa, na mhandisi mmoja kijana, mpole na msomi, alikuwa ananiuliza kwa mara ya pili kwa nini kila mwezi nimeacha siku kadhaa nyeupe, hazina kazi wala jina. Alisema mfadhili ataona tumelala. Nilimwambia mfadhili aje alale huku mwenyewe aone. Ndipo simu ikaita. Mama Shukuru, ambaye tangu nimjue huanza kwa salamu za nyumba nzima mpaka afya ya mbuzi, safari hii hakusalimia. Alisema Leonidasi ametutoka, ni kifua, na maziko ni kesho kwake ng'ambo ya mto. Nikakaa. Yule kijana alitoka polepole akanifungia mlango, nami nikabaki natazama zile siku nyeupe ukutani mpaka macho yakaniuma.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti kipya cha mipango ya miradi, na kiburi cha kutosha kata nzima. Nilipanda basi Kasulu kwenda Kibondo, na pale stendi akaingia askari mwenye bunduki, akakaa kiti cha mbele na kuilaza mapajani kama mama anavyolaza mtoto. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Majambazi wa barabara ile walizoeleka kama mashimo yake. Kioo cha mbele kilikuwa na tundu la risasi lililozibwa kwa gundi, na dereva alichungulia pembeni yake bila kulalamika. Nyuma yangu kina mama wawili walizungumza habari za harusi. Mmoja alisema bwana harusi alipigwa ubapa wa panga na majambazi akirudi Manyovu, jicho moja limeziba kabisa. Mwenzake akauliza kama picha zitapigwa kwa upande uliobaki. Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaona haya. Nilidhani hofu ya mwaka ule ingekuwa ya barabarani, kumbe barabarani ndiko kulikokuwa na askari.

Ofisi ya mradi ilikuwa duka la kupanga la Mzee Salimu, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye bado alinywa kahawa chungu kila alasiri kama yuko barazani Bagamoyo. Chumba kilinuka maharage ya magunia yaliyotutangulia. Ukuta mzima wa nyuma nilibandika manila nilizounganisha kwa gundi, nikachora mpango kazi: maji ya mserereko kutoka chemchemi ya mlimani, tenki, kisha mtaro mrefu wa kulaza mabomba kushuka hadi vijiji vya Kumsenga. Kila kitongoji kilipewa kipande chake cha kuchimba, na kila kipande majuma yake, nimepaka rangi kwa penseli. Mstari mmoja mwekundu ulisimama wima mwanzoni mwa Novemba. Hiyo ndiyo mvua. Kabla ya mstari ule mabomba yawe yamelazwa na kufukiwa. Baada yake, udongo wa kule hulainika kama uji na mtaro hujifukia wenyewe.

Mkuu wetu alikuwa Injinia Lugano, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani na mikono isiyotulia. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imemfukia mtaro wake upande wa Kagerankanda, na tangu hapo alikuwa anaogopa mawingu kama wengine wanavyoogopa nyoka. Alinipenda kwa namna yake. Mchana alinichagulia samaki, mgebuka mnene kuliko wote sahanini, akaniambia nile nikue. Lakini alipiga. Siku moja alimkuta mlinzi amesinzia juu ya mabomba, akachukua kipande cha bomba na kumchapa nacho mdomoni, hapo hapo ofisini, mbele ya chati yangu. Jino lilianguka sakafuni likasikika. Mama Shukuru, mpishi wetu, aliingia na kitambaa, akafuta damu, akatoka, na baada ya muda akarudi na sinia la ugali wa muhogo na maharage yenye mawese. Tulikula. Yule mlinzi alikula pia, akitafunia upande mmoja. Naandika haya kwa hasira, kwa sababu nakumbuka chakula kilikuwa kitamu.

Leonidasi alikuwa kiongozi wa genge la kuunga mabomba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye akazaliwa huku, akasoma huku, akapata uraia, akaoa huku, na bado akikosana na mtu juu ya chochote, hata zamu ya kuchota maji, aliitwa mkimbizi. Kitongoji chao, ng'ambo ya mto, kilijaa watu wa namna hiyo, na upande wa pili wa mto walikaa Waha wenyeji, walipozaliwa kina Mama Shukuru. Mikono ya Leonidasi ilikuwa mikubwa ajabu. Alikaza viungo vya bomba kwa kiganja kitupu pale wenzake walipotafuta spana, kisha akalipiga bomba kofi la mgongoni kama ng'ombe aliyekubali kuingia zizini. Mimi aliniita Bibi Ratiba. Kila asubuhi aliuliza kwa heshima zote kama kwenye karatasi yangu ameruhusiwa kukohoa leo. Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba siku aliyochelewa kuja kunichokoza, kazi haikunikalia sawa.

Mwezi wa Mei tulikwenda kukagua mtaro tukakuta hakuna mtu. Majembe yalikuwa yamelazwa chini kando ya shimo, yote, mpini kwa mpini. Injinia alidhani ni mgomo, akarusha mawili mtaroni kwa teke. Jioni nikiwa jikoni naota moto, nilimsikia Mama Shukuru akimweleza mwanamke jirani kwa sauti ya chini kwamba yule bwana mrefu siku moja atauawa na watu wamwonee huruma muuaji. Nikamwomba anieleze. Akaniambia kwao mtu akifa, jembe hulala. Chuma hakigusi udongo wa kitongoji mpaka matanga yaishe, isipokuwa kaburi tu, kwa kuwa ardhi siku hizo inafunguka kwa ajili ya mmoja. Ukiifungua mahali pengine, umeita mwingine aingie. Alisema hayo akipepeta mchele, bila kunitazama, kama mtu anayekueleza choo kiko wapi.

Kwa hiyo niliongeza siku nyeupe. Nilipita kitongoji baada ya kitongoji ukutani nikafuta rangi hapa na pale, nikikadiria kwamba mahali pa watu wengi lazima msiba uwepo, na kazi ikasogea karibu na mstari mwekundu, lakini ikatosha. Injinia alisimama nyuma yangu akaangalia. Kisha akachukua penseli zangu na kuzijaza zile siku rangi, moja moja, kwa utaratibu.

"Mwanangu," akasema, "watu wanafiwa. Mvua haifiwi."

Lilikuwa neno la kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Upande wa chini wa bonde watoto walikuwa wanaharisha kwa maji ya mto kila masika, na wanawake walikuwa wakiviziwa na kupigwa njiani alfajiri wakienda kuchota. Mmoja aliletwa hospitali mwezi ule ule akiwa na ndoo bado mkononi, ameng'ang'ana nayo, hataki kuiachia hata kwa mganga. Mradi usipoisha kabla ya mvua, ni mwaka mwingine wa hayo. Injinia hakuwa mwongo. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu nzuri kuliko starehe za watu wengi niliowafahamu baadaye.

Mwishoni mwa Oktoba kilibaki kipande kimoja, kile cha kitongoji cha Waha kilichokaribia mto, jina lake nitalihifadhi. Mtaro ulikuwa umekwisha kuchimbwa. Bado kulaza mabomba na kufukia. Mawingu yalikuwa yanakaa mlimani kutwa. Ndipo mama mzazi wa Mzee Bitegeko, mwenyekiti wa kitongoji, akafariki. Majembe yakalala. Injinia alinichukua tukaenda msibani, na nasema haki yake, alikwenda kwa adabu: alipiga makofi ya salamu kama wanavyofanya, akasema "mwakeye" kwa lafudhi yake ya Mbeya, akakaa chini. Mzee Bitegeko, mzee mfupi mwenye koti la suti lililopauka, alimsikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwamba mabomba si majembe. Genge la kuunga linaweza kushuka mtaroni na kulaza, kwa kuwa shimo lilikwishafunguka kabla ya msiba. Ila kufukia kungoje, na chuma kisiguse udongo. Tukakubaliana mbele ya watu. Wajukuu wa marehemu walikaa ukutani wamevimba macho. Mmoja wao, Daudi, kijana mwenye mabega mapana, alikuwa anamtazama Leonidasi aliyesimama nyuma yetu, na niliposikia neno mkimbizi likinong'onwa nilijua limetoka pale. Nje nilimuuliza Leonidasi kama ana hakika. Alisema asipokwenda yeye, Injinia ataleta genge jipya kutoka mjini wasiojua lolote, na hao ndio watakaochimba. Alikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa mtu mmoja.

Kesho yake tulianza asubuhi. Marehemu alikuwa bado ndani, wanangoja ndugu kutoka Kasulu, na vilio vilitujia kutoka nyumbani kwa Mzee Bitegeko kwa zamu, vinapanda, vinashuka. Genge lilifanya kazi bila wimbo. Mama Shukuru alikuja na pikapu ya chakula, akapita kwanza msibani kusalimia, kisha akaja kutupakulia. Ilikuwa baada ya chakula ukuta wa mtaro ulipoporomoka. Si kipande kikubwa. Kilifunika bomba kwa urefu wa kitanda hivi. Leonidasi alisema wautoe udongo kwa mikono, na vijana wakapiga magoti wakaanza kuzoa. Ngurumo ikapita mlimani. Injinia alitazama juu, akatazama wale vijana wanaozoa kwa viganja, akavua miwani akaiweka mfukoni kwa uangalifu, akaingia mtaroni. Sururu ilikuwa imeachwa pale tangu wakati wa kuchimba. Leonidasi aliiona ikiinuka, akamshika kiwiko. Injinia alimpiga kikumbo, akaipiga ardhi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chuma kikagonga jiwe.

Vilio vilinyamaza. Nimesikia risasi maishani mwangu, nimesikia paa likianguka, lakini hakuna sauti iliyowahi kunitisha kama ule ukimya. Kisha wakaja. Walikuja mbio kutoka kwenye migomba, wanaume na wanawake, na marungu na mapanga na vijiti vya moto vilivyochomolewa jikoni. Injinia alipanda ukingo, akakimbilia pikapu, akaondoka nayo, sufuria za Mama Shukuru zikimwagika nyuma. Genge lilibaki mtaroni. Waliowahi kutoka walipigwa mawe wakikimbilia mto. Wasiowahi walipigwa humo humo kama panya ndani ya pipa. Nilimwona kijana mmoja akipigwa rungu kichwani hadi akawa anacheka, anacheka tu, damu zikimwingia mdomoni. Mtu alinikamata nywele kwa nyuma akanivuta chini. Mama Shukuru alijitupa juu yangu na kanga yake, akawa anarudia kwa Kiha kwamba mimi ni mwanawe: n'umwana wanje, n'umwana wanje. Fimbo iliyokuwa yangu ilimshukia yeye mgongoni, nami nikaisikia ikipita mwilini mwake.

Chini ya kwapa lake ndipo nilipomwona Leonidasi. Hakukimbia. Alikuwa amesimama mtaroni, mikono yote miwili juu, viganja wazi, anawaambia kwa Kiha chao chao kwamba si genge lake, si wao waliopiga ardhi. Daudi alisimama ukingoni juu yake na panga. Sijui kama alikusudia kichwa au bega. Najua kwamba Leonidasi aliusogeza mkono wa kulia kujikinga, na kwamba baada ya hapo alikuwa anautazama mkono wake na haukuwa na kiganja. Alikaa chini taratibu juu ya bomba kama mtu aliyechoka. Daudi alidondosha panga akaanza kutapika, na nadhani kutapika kule ndiko kulikowarudisha watu akili, kwa kuwa waliacha mmoja mmoja, wakarudi nyuma, wakatazamana.

Nilimfunga mkono kwa kanga yangu. Tulimpakia kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na njia nzima hadi Kibondo damu yake ilinilowanisha kifua ikawa ya moto kwanza, kisha baridi. Nilimtukana Injinia kwa matusi ambayo sikujua nayajua. Jioni hiyo wanaume wa ng'ambo walivuka mto wakachoma nyumba za kitongoji kile, na mwanamke mmoja akaungua miguu akitoa mbuzi. Kesho yake askari walikuja wakawakusanya wa pande zote mbili, wakawachapa bila upendeleo. Siku ya tatu mvua ikanyesha. Mtaro wa kipande kile, kilichoshikilia kazi ya mwaka mzima, ukajifukia wenyewe, bomba likiwa halijaungwa, na hakuna mtu aliyethubutu kuugusa hadi kiangazi kilichofuata. Siku ya ufunguzi, kiongozi aliyealikwa alisema mradi umekamilika kwa mafanikio na ushirikiano wa wananchi. Injinia alikwishahamishwa. Nilikutana naye Dodoma kwenye semina miaka mingi baadaye, amezeeka, akanichagulia kiti kizuri, akaniuliza kwa upole kama mkono wa yule bwana ulipona. Nilimwacha na chai yake.

Lakini kuna jambo moja la hospitalini. Mama Shukuru alikuja na uji, anatembea amepinda, akaketi kitandani kwa Leonidasi. Alisema jioni ile ile, kabla ya moto, walipokuwa wanamtoa bibi kwenda kuzikwa, wanawake waliona kiganja mtaroni. Wazee wakabishana huku jeneza likiwa mabegani. Nyama ya mtu haiwezi kuachiwa mbwa. Wala ardhi haiwezi kufunguliwa mahali pengine jembe likiwa limelala. Shimo halali siku ile lilikuwa moja tu. Basi Mzee Bitegeko alichana kipande cha sanda ya mama yake, akakifunga kile kiganja, akakilaza ubavuni mwa marehemu, wakafukia. Nilitegemea Leonidasi alie. Aliangalia bandeji. Kisha tabasamu lake lile la kunichokoza likaja, limepauka, lakini lenyewe.

"Bibi Ratiba," akasema, "sasa wataniitaje mkimbizi? Nimezikwa kwao."

Aliishi kwa mkono wa kushoto. Alilima, alisomesha, alisimamia bomba la kitongoji chake. Daudi alifungwa, akatoka. Kwa miaka yote hiyo watu wa pande mbili za mto walisalimiana kwa midomo, wakapeana njia, basi.

Kwenye mazishi ya Leonidasi nilifika mapema. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza juma lile, na huo ndio wakati ambao hakuna Muha anayekaa nyumbani; anayechelewa kupanda, atakuja kula maneno. Tulikuwa tumekaa uani, kaburi limeanza kuchimbwa, tulipowaona wanavuka mto. Mzee Bitegeko alitangulia, ameshikwa mkono, koti lile lile. Nyuma yake kitongoji kizima, na nyuma kabisa Daudi, ana mvi kidogo, amebeba beleshi. Mtoto mkubwa wa Leonidasi aliinuka. Alikwenda moja kwa moja akampiga Daudi ngumi ya mdomo, akamwangusha, akamwinua akampiga tena. Daudi hakuinua mkono. Nami, niliyefunga mkono ule kwa kanga yangu, niliomba moyoni amwue. Nasema hivyo bila haya, niliomba hivyo kwa sauti ya ndani kabisa. Hakuna wa kwao aliyemtetea. Mzee Bitegeko alingoja mpaka kijana akaishiwa pumzi, akapiga makofi ya salamu kwa mikono iliyobaki mifupa.

"Tumefiwa," akasema. "Mtu wetu amelala na mama yangu tangu siku ile. Kwetu jembe limelala tangu jana."

Mjane aliinuka. Akaenda, akamwokotea Daudi beleshi lake lililoanguka, akampa, akamwonyesha kaburi kwa kidevu. Daudi alichimba mpaka mwisho, damu ikimdondoka mdomoni, na wenye zamu walipotaka kumpokea alikataa.

Jioni nilimpigia yule mhandisi kijana, nikamwambia wakandarasi wa mradi wetu mpya upande wa Kumsenga wasimame. Aliuliza mpaka lini, nikasema mpaka matanga yaishe. Akasema kwa wasiwasi kwamba utabiri unaonyesha mvua kubwa. Nilikuwa natazama kupitia kioo cha gari tukipita kitongoji cha Mzee Bitegeko. Mvua ilikuwa inanyesha kweli, nzuri, ya kupandia, inaingia udongoni bila kelele. Mashamba yalikuwa meusi, tayari, mlima mzima mpaka juu kwenye tenki. Hapakuwa na mtu hata mmoja.